Orodha ya kusubiri kwenye usajili wa tukio la bure: maana yake na inavyofanya kazi

Tuseme ukumbi una viti 80. Fomu ya usajili inafunguliwa asubuhi, na kufika jioni viti vyote vimeshachukuliwa. Mtu wa 81 akifungua ukurasa anakuta maandishi "Nafasi zimejaa", anaondoka zake. Siku ya tukio mwandaaji anahesabu vichwa na kuona viti 25 havina mtu. Yule wa 81 yuko nyumbani, na angekuja.

Orodha ya kusubiri humkamata mtu huyo kabla hajaondoka. Anaacha jina na barua pepe yake, anapangwa kwenye foleni kwa kufuata wakati aliofika, na mmoja wa waliotangulia akijitoa, nafasi inamwendea wa mbele. Ni foleni, bado si usajili, na jambo hilo lisomeke kwenye kitufe chenyewe: "Niweke kwenye orodha ya kusubiri". Ukiacha kitufe kilekile cha "Jisajili", anayekibonyeza ataamini ana kiti, na siku ya siku atatokea mlangoni.

Tukio la bure lina tabia yake. Aliyelipia tiketi akipata dharura atahangaika arudishiwe pesa, na katika kuhangaika huko mwandaaji anajua kuwa kiti kimefunguka. Asiyelipa hana sababu ya kusema chochote, anasahau tu. Ndiyo maana orodha ya kusubiri ya tukio la bure inaweza kuwa na majina 40 na isisogee hata hatua moja. Kwa maoni yangu, nusu ya kazi ya orodha hii iko nje yake, kwenye kiungo cha kughairi wanachotumiwa waliokwisha kupata nafasi. Kiwekwe juu kabisa ya barua pepe ya uthibitisho, kisidai nywila, na siku mbili tatu kabla ya tukio watu wakumbushwe: "Bado unakuja? Kama umepata udhuru, bonyeza hapa umwachie mwenzako kiti."

Kiungo hicho nacho kina mtego. Baadhi ya mifumo ya ulinzi wa barua pepe hufungua viungo vilivyomo kwenye ujumbe ili kuvikagua, hata kabla mwenyewe hajausoma. Kama kiungo chako kinaghairi palepale kinapofunguliwa, mtu atapoteza kiti akiwa usingizini. Kiungo kifungue ukurasa tu, na kughairi kwenyewe kufanywe kwa kitufe kilichomo ndani ya ukurasa huo.

Kiti kikishafunguka kuna njia mbili. Ya kwanza ni kumpandisha wa mbele moja kwa moja na kumwarifu kuwa sasa amesajiliwa. Ni rahisi, lakini mtu aliyesubiri wiki mbili huenda ameshapanga mambo mengine, na ukimpandisha bila kumuuliza umebadilisha kiti kitupu kimoja kwa kingine. Ya pili ni kumwalika: kiti kinashikwa kwa jina lake kwa muda maalumu, akikubali kinakuwa chake, akinyamaza kinamwendea anayefuata. Mimi napendelea hii. Muda wenyewe upungue kadiri tukio linavyokaribia: saa 24 kama limebaki wiki moja, saa mbili au tatu kama ni kesho. Na mwaliko wa saa mbili usitumwe usiku wa manane, kwani huo ni kumnyima mtu nafasi kwa jina la kumpa.

Kwa hiyo kila jina kwenye mfumo linahitaji hali yake: amethibitishwa, anasubiri, amealikwa, ameghairi, muda umempita. Wengi huanza na hali mbili tu, "amo" na "hamo", kisha wanashangaa hesabu inapogoma.

Kosa ninaloliona mara nyingi ndilo hili. Mtu anaghairi, hesabu inashuka kutoka 80 hadi 79, na fomu ya wazi, kwa kuwa inajua kuhesabu viti tu, inajifungua tena. Mpita njia aliyeingia kwenye tovuti dakika hiyo anachukua kiti, huku wa kwanza kwenye foleni akiendelea kusubiri. Sharti la kufungua fomu lisiwe "kuna kiti" peke yake. Liwe "kuna kiti na hakuna anayesubiri". Na kiti kilichoshikwa kwa ajili ya aliyealikwa kihesabiwe kuwa kimejaa.

Ndugu wa kosa hilo ni la watu wawili kubonyeza kwa wakati mmoja. Programu inamsomea wa kwanza "imebaki 1", inamsomea wa pili vilevile, kisha inawaandika wote wawili. Sasa mko 81. Dawa yake ni kuhesabu na kuandika kufanyike kama tendo moja lisilogawanyika ndani ya hifadhidata, ili wa pili asubiri wa kwanza amalize ndipo naye ahesabiwe. Ukiwa unatumia programu iliyotengenezwa tayari, ijaribu: weka nafasi moja, fungua fomu kwenye simu mbili, bonyezeni pamoja.

Makundi pia husumbua. Anayesubiri nafasi 3 afanywe nini ikifunguka 1? Rahisi zaidi ni kila mtu ajisajili mwenyewe. La sivyo, muulize kama atakubali moja; akikataa, mruke bila kumwondolea namba yake.

Wapo wanaokwepa haya yote kwa kusajili watu 100 kwenye viti 80, kama mashirika ya ndege yanavyouza tiketi kuzidi viti. Shirika la ndege linaweza kumpandisha abiria ndege inayofuata. Wewe huna tukio linalofuata.

Mwisho, orodha ina saa ya kufungwa. Asubuhi ya tukio simamisha mialiko, kisha waandikie waliobaki, kila mmoja, kwamba nafasi haikupatikana na wasifunge safari. Ujumbe huo ndio waandaaji husahau, na bila huo wapo watakaokuja kusimama mlangoni wakiwa na barua pepe inayosema wao ni wa 7.