Simba wa Ngorongoro na maana mbili za populesheni

Kila mwaka nikifundisha takwimu kwa wanafunzi wa baiolojia, nawapeleka kwanza, kwa maneno tu, kwenye Kreta ya Ngorongoro. Simba wa pale wanaonyesha vizuri jinsi populesheni ya mwanabaiolojia inavyotofautiana na ya mtakwimu.

Kwa mwanabaiolojia, populesheni ni viumbe wa spishi moja wanaoishi eneo moja na kuzaliana wao kwa wao. Mpaka wake unawekwa na maumbile. Sakafu ya kreta ina kilomita za mraba zipatazo 250, kingo zake ni mwinuko mkali, na ingawa Serengeti iko jirani, ni nadra dume la nje kushuka na kupata majike. Mwaka 1962 inzi wang'atao walizidi mno, wakawadhoofisha simba hadi wakabaki kama 10. Baadaye yakaingia madume 7 kutoka nje. Idadi ilipanda tena ikafika 100, lakini wote walikuwa uzao wa wale wachache, na watafiti walikuta madume ya kreta yana mbegu zenye kasoro nyingi kuliko ya Serengeti. Hilo linaniuma kila ninapolieleza: hesabu ya vichwa ilirudi, urithi uliopotea haukurudi.

Kwa mtakwimu, mpaka unawekwa na swali. Ukiuliza wastani wa umri wa simba wa kreta, basi hao ndio populesheni nzima, na wanaweza kutambuliwa mmoja mmoja, kwa kuwa kila simba ana mpangilio wake wa madoa kwenye mizizi ya sharubu. Ukiwa na umri wa wote, wastani wako si makadirio. Hauhitaji kosa sanifu, yaani kipimo cha jinsi makadirio yanavyoweza kupotoka, na ukitafuta varianzi (kipimo cha mtawanyiko), jumla ya miraba ya tofauti na wastani unaigawanya kwa N, idadi ya populesheni nzima.

Sasa uliza kuhusu simba wa Tanzania. Simba walewale wamegeuka sampuli, yaani sehemu tu ya populesheni; kwa varianzi utagawanya kwa n kutoa 1, n ikiwa idadi ya walio kwenye sampuli. Tena ni sampuli mbaya: hawakuchaguliwa kwa nasibu, wana mawindo tele mwaka mzima, na ni ndugu wa karibu. Hakuna fomula ya kuponya hilo.

Nyumbu wa Serengeti ni habari nyingine. Kwa kawaida hukadiriwa kuzidi milioni moja, nani atamtambua kila mmoja? Ndege ndogo hupita juu ya mbuga kwa mistari iliyopangwa, kamera ikipiga picha, nyumbu walio pichani wakahesabiwa, kisha hesabu ikapanuliwa kwa eneo zima. Ndiyo maana nikisoma ripoti ya nyumbu naanza na kosa sanifu lililo kando ya makadirio, halafu natafuta ramani ya eneo lililopimwa. Kundi lililokuwa nje ya eneo hilo siku ile halimo kwenye namba ile, ingawa msimu wa kuzaliana ukifika litapandana na hao hao waliohesabiwa.