Je, wajua kwa nini wanabiolojia wa mageuko wamejitungia lugha zao za kompyuta?

Wape watafiti wawili DNA ileile ya binadamu, sokwe na gorila, uwaulize koo hizo ziliachana lini. Wanaweza kukuletea majibu tofauti kabisa, na wala hakuna aliyekosea hesabu. Tofauti imo kwenye dhana walizoanzia. Je, DNA hubadilika kwa kasi moja katika kila tawi la mti wa nasaba? Je, herufi A ya DNA hugeuka kuwa G kwa wepesi uleule inaogeuka kuwa T? Modeli (maelezo ya kihesabu ya jinsi DNA inavyobadilika) ya Jukes na Cantor ya 1969 hujibu ndiyo kwa swali hilo la pili. Nyingi zilizofuata hukataa.

Kwa miaka mingi dhana hizo zilikaa ndani ya programu. MrBayes, iliyotangazwa 2001, ilikupa modeli za kuchagua. Ukitaka isiyokuwamo, shauri yako. BEAST, programu nyingine, nayo hupokea maelezo kwa faili za XML, yaani maandishi yaliyojaa alama za kompyuta, ambazo kuzisoma kwa macho ni adhabu.

Wanatakwimu walikuwa wametangulia. Mradi wa BUGS ulianza Cambridge 1989: wewe unaandika modeli, kompyuta inatafuta njia ya kuikokotoa. Ila BUGS ilizoea namba, na mti wa nasaba si namba. Spishi 10 tu zaweza kupangwa katika miti yenye mzizi 34,459,425.

Ndipo ikaja programu ya RevBayes (2016) na lugha yake, Rev. Tazama mistari hii miwili:

Q <- fnJC(4)
kasi ~ dnExponential(10)

Wa kwanza unaweka modeli ya Jukes na Cantor kwa herufi 4 za DNA, na mshale unaonyesha kwamba haibadiliki. Wa pili, kwa kiwimbi kile (~), unasema kasi haijulikani, lakini kabla ya kuona data tunaikisia kuwa wastani wa 0.1. Mti wenyewe huandikwa kwa kiwimbi hichohicho, na kwangu hapo ndipo ufundi ulipo. Hata data huandikwa kama kitu cha kubahatisha, kisha hufungwa kwenye thamani zilizoonekana maabara.

LinguaPhylo, lugha nyingine ya 2023, iliongeza jambo: maelezo yaleyale huweza kuzalisha DNA ya kubuni, au kugeuzwa faili ya BEAST 2. Kwa hiyo mtafiti hubuni mti anaoujua, akazalisha data yake, kisha akaangalia kama uchambuzi utamrudishia mti uleule.