Kamera ya mfukoni: inakuamulia nini, na uichague vipi

Ukisikia mtu anataja kamera kompakti, au kamera ya "lenga upige", anazungumzia kamera ndogo inayoingia mfukoni, ambayo lenzi yake haing'olewi wala haibadilishwi, na ambayo inamtaka mtumiaji afanye mambo mawili tu: aielekeze anapotaka, kisha abonyeze. Mengine yote inayafanya yenyewe. Inaamua mwanga uingie kiasi gani, uingie kwa muda gani, na kitu gani kwenye picha kitoke wazi. Maana ya jina iko hapo, na ukitaka kununua, anzia hapo pia. Umeshaiachia kamera uamuzi, kwa hiyo tafuta inayoamua vizuri na inayoamua upesi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1888 George Eastman, Mmarekani, alianza kuuza kamera ya Kodak ikiwa tayari na filamu ya picha 100. Ukizimaliza unairudisha kamera nzima kiwandani. Huko wanasafisha picha, wanaweka filamu nyingine, wanakurudishia. Tangazo lake lilimwambia mteja abonyeze kitufe tu, yaliyobaki awaachie wao. Miaka 12 baadaye ikaja Brownie, iliyouzwa kwa dola 1, na kupiga picha kukawa jambo la nyumbani, hata la watoto. Lakini kamera inayojirekebishia fokasi, yaani uwazi wa kile unachokilenga, na kutengenezwa kwa wingi ilisubiri hadi 1977, Konica C35 AF ilipotoka. Kidogo kidogo "yaliyobaki" yakahama kutoka kiwandani yakaingia ndani ya kamera.

Sasa, uamuzi mkubwa kuliko yote ni wa mwanga, na hapa sensa ndiyo yenye neno. Sensa ni kile kibamba kilicho nyuma ya lenzi, mahali filamu ilipokuwa ikikaa, kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Katika kamera nyingi za bei nafuu kina upana wa milimita 6.2 na kimo cha milimita 4.6. Tazama ukucha wa kidole chako cha mwisho: kibamba hicho ni kidogo kuliko huo. Juani hutaona shida yoyote. Ingia sebuleni jioni, taa moja inawaka, na kamera hiyo inabaki na njia chache. Inaweza kuacha pazia lake, kile kifuniko cha ndani kinachofunguka kupitisha mwanga, likiwa wazi kwa muda mrefu zaidi, mtu akisogea kidogo akatoka na ukungu. Au inaweza kuupandisha ule mwanga hafifu kwa nguvu za umeme, na hapo picha inatoka na chenga, nyuso zikawa kama zimenyunyiziwa mchanga.

Sensa ya daraja linaloitwa "inchi moja" ina milimita 13.2 kwa 8.8, eneo linalokaribia mara nne la ile ndogo. (Jina hilo lisikuchanganye. Lilirithiwa kutoka enzi za mirija ya kamera za video, na hakuna upande wa sensa hiyo unaofika inchi moja.) Sony RX100 ya mwaka 2012 ndiyo iliyowaonyesha wengi kwamba sensa ya ukubwa huo inaweza kukaa kwenye kamera ya mfukoni pamoja na lenzi ya kuvuta, yaani ya zumu, inayosogeza karibu kilicho mbali. Ricoh GR ya 2013 ilienda mbali zaidi: ilibeba sensa kubwa ya aina inayotumika kwenye kamera za kubadilisha lenzi, lakini haina kuvuta kabisa, ukitaka mtu awe mkubwa kwenye picha, msogelee.

Megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha, ambazo ndizo huandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, mimi huziangalia mwisho. Picha ya kuchapishwa ya sentimita 10 kwa 15 inahitaji megapikseli 2 na ushee tu ili itoke safi. Kamera ya megapikseli 12 inakupa picha yenye nukta 4000 kwa 3000, na hiyo inatosha hata kuning'iniza ukutani. Ukirundika nukta nyingi zaidi kwenye sensa ileile ya ukucha, kila nukta inazidi kuwa ndogo na inapata mwanga mchache zaidi.

Nambari ya kusoma kwa makini ni ile iliyochapishwa kuzunguka kioo cha lenzi. Utaona kitu kama 1:1.8–2.8, au 1:3.3–6.9. Nambari ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa. Lenzi ya 1.8 inapitisha mwanga zaidi ya mara mbili ya ule unaopita kwenye 2.8. Zikiwa mbili, ya kwanza ni ya lenzi ikiwa haijavutwa na ya pili ni ya ikiwa imevutwa hadi mwisho. Kwa hiyo yenye 3.3–6.9, ukiivuta hadi mwisho, inabaki na chini ya robo ya mwanga iliyoanza nao. Ndiyo maana picha za mbali za ndani ya ukumbi hutoka mbovu, na mwenye kamera akadhani mkono wake ndio uliotetemeka.

Tukigusa kuvuta: kuna kunakofanywa na vioo vya lenzi na kunakoitwa kwa kidijitali. Huko kwa pili kamera inakata tu sehemu ya katikati ya picha na kuitanua. Ukivuta mara mbili kwa njia hiyo, megapikseli zako 12 zinabaki 3. Hesabu kuvuta kwa lenzi peke yake, na hicho kingine ukizime kwenye menyu.

Lakini picha za kawaida, za watoto, wageni, paka juu ya kiti, hupotea zaidi kwa uchelewaji kuliko kwa chochote nilichokitaja. Mtoto anaruka kutoka kwenye ngazi. Umebonyeza akiwa hewani. Unaangalia kioo, unamkuta ameshatua na amegeuka kuondoka. Kamera ilikuwa bado inatafuta fokasi. Dawa yake nusu iko kidoleni: bonyeza kitufe nusu mtoto akiwa bado juu ya ngazi, shikilia hapo, kamera imalize kutafuta fokasi, kisha malizia kubonyeza anaporuka. Nusu nyingine iko kwenye kamera, na unaweza kuipima kabla hujatoa pesa. Washa saa ya kuhesabu sekunde kwenye simu, ilenge kwa kamera, bonyeza kitufe chote kwa mkupuo namba inapofika 5 kamili, kisha soma kwenye picha saa inasema ngapi. Ikisoma 5.2 vumilia. Ikikaribia 6, rudisha kamera kabatini. Pima pia muda wa kuiwasha mpaka picha ya kwanza, kwa sababu mambo mazuri hayasubiri lenzi ichomoze.

Flashi ya kamera hizi ni ndogo na nguvu zake huishia mita chache. Inafaa kwa mtu aliye mbele yako. Kwa jukwaa la mbali haisaidii kitu. Macho mekundu hutokea kwa sababu flashi iko karibu mno na lenzi, mwanga unapiga mishipa ya damu nyuma ya jicho na kurudi moja kwa moja.

Swali ambalo kila mtu huuliza ni kama simu haitoshi. Jibu langu ni la wazi: ikiwa simu yako ni nzuri, kamera yenye sensa ya ukucha haitakuzidishia mengi zaidi ya kuvuta mbali, kwani simu za sasa huunganisha picha kadhaa kwa programu ili kupunguza chenga. Nunua kamera kwa sababu ya sensa kubwa zaidi, lenzi ya kuvuta kikweli, au kitufe halisi unachoweza kukishika nusu. Kama huhitaji hata kimoja, baki na simu.

Ukiangukia kamera iliyotumika, piga ukuta mweupe lenzi ikiwa imevutwa hadi mwisho, kisha ikuze picha kwenye kioo ukitafuta madoa ya kijivu. Hilo ni vumbi lililoingia ndani, na kulitoa ni kufungua kamera nzima. Sikiliza lenzi inapotoka na kurudi: isisage, isikwame. Uliza betri ya aina yake kama bado inauzwa, na angalia inatumia kadi gani ya kuhifadhia picha. Baadhi ya zamani hupokea SD za hadi gigabaiti 2 tu, na nyingine zilitumia kadi za xD, ambazo hazitengenezwi tena.