Waya wa kichwani hautibu Huntington

Wiki hii tena. Kijana kutoka Kongwa, ambaye mama yake ana Huntington, ugonjwa wa kurithi unaoua seli za ubongo na kurusharusha viungo, kanionyesha video kwenye simu: mgonjwa anatetemeka, swichi inawashwa, mkono unatulia tuli. "Daktari, tukiuza ng'ombe, mama akawekewe huo waya India, si atapona?"

Hapana. Na aliyekuwa kwenye video ni mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa mwingine wa ubongo, wa kutetemeka. Huko tiba hii ina historia, tangu Benabid, daktari wa upasuaji wa ubongo, alipoianza Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987. Kwa Huntington, elektrodi, yaani huo waya, huingizwa kwenye globasi palidasi ya ndani, sehemu ndogo iliyo ndani kabisa ya ubongo inayosaidia kuongoza mwendo, betri inakaa chini ya mtulinga, na umeme, mara nyingi wa mapigo 130 kwa sekunde, unatuliza viungo vinavyorukaruka. Basi. Jeni yenye kasoro kwenye kromosomu ya 4 iko palepale, na seli za ubongo zinaendelea kufa.

Kinachoniudhi ni watu kuupima ugonjwa huu kwa macho. Mama anarusha mikono, kila mtu mnadani anamwona. Nikamuuliza mwanawe: nini kilianza? Akafikiri, akasema mama alikuwa anasimama jikoni ameshika kikombe cha unga, maji ya ugali yanachemka mpaka yanakauka, hajui afuatishe nini. Miaka miwili kabla mkono haujaruka! Huo ndio Huntington, na hakuna waya unaougusa. Hasira za ghafla na sonona navyo vinabaki. Zaidi ya hapo, ukiongeza umeme ili mikono itulie, mwendo unaweza kuwa mzito na maneno yakakwama mdomoni.

Sisemi haifai. Mgonjwa anayejirusha hadi anaanguka kutoka kitandani, aliyeshindikana kwa dawa za kutuliza viungo, haloperidoli na tetrabenazini, huyo nitamwandikia barua ya rufaa. Ila nikiri: hata akirudi ametulia, baada ya miaka kadhaa siwezi kuapa kwamba ni umeme, maana kurukaruka kwenyewe hupungua ugonjwa ukikomaa. Na wakati wa kumpeleka unanisumbua kila mara. Mapema, dawa bado zinatosha. Ukichelewa, unatuliza mikono ya mtu ambaye akili yake imeshachoka.

Kwa huyu mama nilisema ng'ombe wabaki. Huntington hukondesha, na maziwa yao atayahitaji kwenye uji kila siku. Kijana akaitikia kwa kichwa. Kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi moja kati ya mbili ya kuurithi. Hilo hakuliuliza, nami sikumlazimisha. Nimempa tarehe ya kurudi, aje peke yake.