Je, wajua kwa nini pia ya vipande bapa haisambaratiki inapogongwa?

Kibao cha plaiwudi chenye ukubwa wa postikadi, milimita 105 kwa 148, na unene wa milimita 3, kinaingia ndani ya bahasha kama barua. Ukizibandua sehemu zake na kuzipachika pamoja, unapata pia, kile kichezeo chenye ncha chini na mwili mpana juu (jina moja na lile fupa la gotini). Tena ni pia ya kupigana: unaizungusha yako, mwenzako anazungusha yake, zinakutana uwanjani, na itakayobaki imesimama ndiyo mshindi. Hakuna gundi wala skrubu. Sasa kwa nini isirudi kuwa vipande kwenye kishindo cha kwanza?

Jibu fupi: pia iliyobuniwa vizuri hukazwa na pigo lenyewe. Jibu refu ndilo tamu, kwa sababu linapitia karibu kila kitu kinachoifanya pia isimame.

Mchezo wa kugonganisha pia ni wa kale. Malaysia wana gasing pangkah, pia inayotupwa kusudi iipige ya mpinzani. Japani watoto walicheza beigoma, pia ndogo za chuma cha kusubu ambazo jina lake linatokana na konokono wa baharini, maana za kwanza zilikuwa magamba yake yaliyojazwa mchanga na kuzibwa kwa nta. Uwanja wao ulikuwa kitambaa kilichotandikwa juu ya ndoo au pipa. Mwaka 1999 kampuni ya Takara ya Japani ikatoa Beyblade, ambayo ni beigoma iliyogawanywa katika sehemu za kubadilishana na kupewa kifyatuzi.

Plastiki ya kumiminwa kwenye kalibu hukubali umbo lolote. Kibao bapa kina urefu na upana tu, unene wake umeshaamuliwa kiwandani, nawe unataka kutoka kwake kitu cha mviringo. Hapo ndipo ubunifu unapoanza.

Kata kipande kimoja chenye ncha, kizungushe. Kitatikisika na kuanguka upesi. Kina upande mpana na upande mwembamba, kwa hiyo kikiinama huku kinajibu kwa namna moja, kikiinama kule kinajibu kwa namna nyingine, na hayo hubadilishana kila robo ya mzunguko. Chukua vipande viwili vinavyofanana, vikatize kwa pembe ya digrii 90 kama alama ya kujumlisha, na tofauti ile inatoweka: upana wa kimoja unafidia wembamba wa kingine. Mwanya wa kipande cha kwanza unakatwa kutoka juu hadi katikati, wa pili kutoka chini hadi katikati, kisha kimoja kinateremshwa juu ya kingine. Hivyo ncha ya chini haiwezi kuwa ya vipande vyote viwili. Ni ya kile chenye mwanya wa juu peke yake, kwa kuwa mwenzake ametobolewa palepale ambapo ncha ingekaa. Anayesahau jambo hili huchora ncha mbili, akashangaa kuona moja imepasuka katikati.

Ncha hiyo ikitoka kwenye mashine ya kukatia kwa leza haina umbo la nukta. Ni ukingo wenye urefu wa milimita 3, sawa na unene wa kibao, na pia inayosimama juu ya ukingo hurukaruka. Msasa laini unaimaliza kazi: zungusha ncha juu yake mpaka iwe na kichwa cha mviringo kama punje ndogo. Ncha nyembamba huipa pia maisha marefu kwa sababu msuguano unashika karibu kabisa na mhimili. Ncha butu huifanya itangetange uwanjani ikitafuta ugomvi, na inalipia hilo kwa kasi yake.

Unaweza kufikiri kwamba vipande viwili vipana vilivyokatizana vinatosha kuwa pia. Vinasimama, kweli. Lakini vimekuwa pangaboi: kuta nne zilizosimama wima zinapiga hewa kila mzunguko, na kasi inaishia hewani. Ndiyo maana msalaba huo unafaa uwe mwembamba, uwe shina tu, na uzito ubebwe na visahani vilivyolala, vinavyoikata hewa bila kuisukuma.

Uzito ukae wapi juu ya kisahani? Pembeni. Kitu kinachozunguka kina ukaidi wake, ambao wanafizikia huuita inesha, na ukaidi huo hukua kwa mraba wa umbali kutoka katikati. Kisahani cha akriliki (plastiki ngumu inayouzwa kwa vibao) chenye kipenyo cha milimita 50 na unene wa milimita 3 kina gramu 7 hivi. Zihamishe gramu hizohizo kwenye pete ambayo wastani wa umbali wake kutoka katikati ni milimita 22, na ukaidi wake unakuwa zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa kwanza, bila kuongeza hata gramu moja. Na tundu la pete hiyo lisitupwe. Duara lililotoka ndani yake ni kisahani kingine cha bure, na kwenye kibao cha ukubwa wa postikadi kila sentimita ina thamani.

Sasa kiungo, sehemu ambayo mimi naiona kuwa moyo wa kichezeo hiki.

Kisahani kina tundu katikati: duara dogo, tuseme la kipenyo cha milimita 8, lenye masikio manne yanayofika hadi upana wa milimita 12. Shina la msalaba lina upana wa milimita 12, kwa hiyo linapita kwenye masikio bila shida. Kwa urefu fulani, shina limechongwa pengo kila upande, na hapo upana wake ni milimita 7. Kisahani kikifika kwenye mapengo hayo kinaweza kuzungushwa. Kizungushe kidogo, na mabega ya shina yanakuwa juu na chini ya mbao nzima, wala hayako tena kwenye masikio. Hakiwezi kupanda wala kushuka. Kijino kidogo kilichoachwa kando ya kila sikio kinazuia kisizunguke kupita kiasi. Na kwa kuwa kisahani kimeshika mapengo ya vipande vyote viwili vya shina kwa urefu uleule, vipande hivyo navyo haviwezi tena kuteleza na kuachana. Shina linafunga kisahani, kisahani kinafunga shina.

Lakini kizungushwe upande gani? Hapa ndipo penye siri yote. Tuseme pia yako huzunguka kufuata mishale ya saa. Ikigongwa, pigo linafika kwenye kisahani, kwenye ukingo wa nje, na mara nyingi linakipunguza kasi ghafla. Shina halijapata habari bado, linaendelea mbele. Ukitazama kutoka shinani, kisahani kimerudi nyuma, kinyume cha saa. Kama kufuli lako linafungwa kwa kukigeuza kisahani kinyume cha saa, pigo limekisukuma kwenye kile kijino cha kuzuia, yaani limekaza. Kama ulichora upande mwingine, pigo lilelile limefungua. Vidole vinapoizungusha pia mwanzoni mambo ni hayohayo: shina linatangulia, kisahani kinachelewa, kufuli linakaza. Pedali ya kushoto ya baiskeli ina nyuzi za skrubu zilizogeuzwa kwa sababu ya ukoo huohuo, ili mwendo wenyewe usiifungue.

Kuna hali moja inayoivunja kanuni hii, na inafaa kuielewa. Pia mbili zinazozunguka upande mmoja, pale zinapogusana, kingo zake zinakwenda pande zinazopingana. Zinakwaruzana kwa nguvu na kurushana mbali. Pia zinazozunguka pande tofauti ni kama gia mbili zilizoshikana: kwenye mguso kingo zinakwenda upande mmoja, na yenye kasi zaidi inaigawia yenye kasi ndogo. Kwa hiyo ukikutana na mpinzani mwenye mzunguko wa kinyume anayekuzidi kasi, anakivuta kisahani chako mbele, na huo ndio upande wa kufungua. Hapo kinachokuokoa ni msuguano tu, ule mbano wa mbao dhidi ya mbao.

Mbano huo hauji wenyewe. Mwale wa leza unapokata, unachoma njia yenye upana wake, milimita 0.1 hadi 0.3 hivi, kutegemea mashine na kibao. Ukichora mwanya wa milimita 3.0 unaweza kupata wa 3.2, nao unalegea. Tena plaiwudi inayouzwa kama ya milimita 3 si lazima iwe 3 kamili. Dawa ni kukata kwanza kitana cha majaribio: kipande chenye mianya ya 2.6, 2.7, 2.8 na kuendelea hadi 3.2, kisha unapachika kipande cha kibao hichohicho na kuchagua ule unaohitaji kusukumwa kwa dole gumba lakini hauhitaji nyundo. Kwenye akriliki, pembe za ndani za mianya zipewe viduara vidogo, maana ufa huanzia kwenye pembe kali.

Usahihi unahitajika zaidi katikati. Tundu la kisahani likikosea kwa nusu milimita tu, na pia ikazunguka mara 1,500 kwa dakika, mvuto wa kuitupa nje kwa upande mmoja unazidi uzito wa kisahani chenyewe. Zidisha nusu milimita kwa mraba wa kasi utaona: unapata mita 12 hivi kwa sekunde mraba, na mvutano wa dunia ni 9.8. Pia hiyo itatetemeka hadi ijiangushe bila kuguswa na mtu.

Ukingo nao una maamuzi yake. Anayetaka kushambulia huchora meno, na wengi huchora mengi wakidhani yatauma zaidi. Piga hesabu. Pia mbili zinasogeleana kwa sentimita 50 kwa sekunde, yako inazunguka mara 25 kwa sekunde. Ukiwa na meno 12, kati ya jino na jino linalofuata mpinzani anapenya chini ya milimita 2, hivyo meno yanamparuza tu. Ukiwa na meno 3 anapenya karibu milimita 7 kabla jino halijafika, na linapofika linampata barabara. Waundaji wa roboti za mapigano hupiga hesabu hiyohiyo. Matatu yaliyoligawa duara sawasawa hayaharibu mizani, lakini pigo ni la pande mbili: kila unapouma, na wewe unapoteza kasi. Ukingo laini hautishi mtu, ila hudumu.

Urefu wa kisahani kutoka ardhini nao usikadiriwe kwa macho. Kikiwa chini pia inatulia, lakini ikiinama ukingo unagusa sakafu na vita vimekwisha. Kwa nusukipenyo cha milimita 25, kisahani kilicho milimita 8 juu kinaruhusu mwinamo wa digrii 18 hivi. Milimita 12, karibu digrii 26.

Kuhusu kuizungusha, kibao bapa kina bahati ya pekee. Gia ni umbo bapa. Utepe wenye meno ni umbo bapa. Vyote vinakatwa kwenye kibao kilekile. Utepe wa milimita 140 ukipita kwenye gia yenye mzingo wa milimita 40 unaizungusha mara 3 na nusu. Ukivutwa kwa kasi inayoongezeka kwa ulinganifu ndani ya sekunde 0.14, pia inaondoka ikizunguka mara 50 kwa sekunde. Vidole peke yake ni nadra kufika huko.

Fahali wawili hawakai zizi moja, kwa hiyo uwanja uwe zizi hasa, wenye mteremko unaowarudisha katikati kila wanapotaka kuachana. Duara la kadibodi linatosha. Kata mstari mmoja kutoka ukingoni hadi katikati, pandanisha kingo mbili kwa digrii 5 tu za duara, na linainuka kuwa koni yenye mteremko wa karibu digrii 10. Ligeuze, ncha ya koni ielekee chini, na ulishikilie kwa kingo.

Pambano likiisha, ishike pia kwa shina ikiwa bado inazunguka. Safari hii shina ndilo linalosimama na kisahani ndicho kinachoendelea mbele. Kufuli linafunguka lenyewe mkononi mwako, masikio yanalingana na mabega, na vipande viko tayari kurudi kwenye bahasha.