Unataka kuchangia chuo cha kilimo? Anza na msimu, jengo litafuata

Watu wengi wakisikia chuo cha umma kinaomba michango wanashangaa, wanauliza si serikali inatoa bajeti, si wanafunzi wanapata mkopo wa bodi, sasa hela yangu mimi ya nini tena? Ni swali la haki na nataka nilijibu taratibu, maana mimi niko upande wa kilimo hapa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro na pengo tunaliona kila mwaka.

Bajeti ipo kweli, mishahara inalipwa, bumu, yaani ile hela ya mkopo, likitoka wanafunzi wanapumua. Ila kusomesha kilimo kuna gharama ambazo haziishii darasani. Shamba linataka kulimwa na kupaliliwa, kuna dizeli ya trekta, mbegu, mbolea, kemikali za maabara, vibarua, gari la kuwapeleka vijana kwa wakulima, na vyote hivyo vina tarehe yake ambayo hatuipangi sisi, mvua ndio inapanga. Masika ikianza mwezi wa tatu halafu hela ya kulima ikaingia mwezi wa tano, hapo hujachelewa miezi miwili, umepoteza mwaka mzima kwa lile jaribio.

Chukua maharage tu. Kuna aina inaitwa SUA 90, ilitoka kwa wakulima mwaka 1990, baadae 1997 ikafuata Rojo. Programu ya maharage hapa ilianza mwanzoni mwa miaka ya 80, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe, karibu miaka kumi ndio ukaiona ile ya kwanza. Na sio uzembe, ndivyo mbegu inavyotengenezwa. Unachukua chavua ya mmea mmoja unaipeleka kwa mkono kwenye kiua cha mwingine, kiua chenyewe kidogo ukikosea kinadondoka, unapanda watoto, unapanda wajukuu, kila kizazi unatoa dhaifu unabakiza wanaohimili magonjwa, wanaozaa, wanaoiva haraka jikoni na mama akionja anasema haya nayataka. Unaendelea hivyo mpaka mbegu itulie, yaani leo na mwakani ukipanda unapata kitu kilekile. Hapo ndio uanze kuijaribu sehemu tofauti, kwenye joto la bondeni huku Morogoro na baridi ya Mgeta juu kule Uluguru, misimu kadhaa, halafu iende kwenye vipimo vya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, kabla haijaruhusiwa kuuzwa. Sasa msimu mmoja wa katikati ukikosa hela, mbegu ulizotunza zinazidi kuzeeka na uotaji wake unashuka, unaweza ukajikuta unarudi nyuma vizazi viwili vitatu. Ndio maana nasema, mimi kati ya mtu atakayetoa mamilioni mara moja apigwe picha basi, na mtu au kikundi kinachotoa kiasi cha kawaida kila mwaka kabla ya mvua, nitamchagua huyu wa pili bila kufikiri sana.

Maabara ya udongo nayo hivyohivyo. Mkulima anamwaga DAP au Urea kila mwaka mahindi bado ya njano, anaambiwa mbolea feki, kumbe wakati mwingine udongo wake una tindikali kali. Pi-eichi, yaani kipimo cha tindikali, ikishuka chini ya 5.5 fosforasi inaanza kushikwa na udongo mmea hauipati, na aluminiamu inaanza kuunguza mizizi, hapo anachohitaji kwanza ni chokaa. Kujua hilo kunataka kipimo, na kipimo kinataka kemikali ambazo zinaisha na mashine ambayo inaharibika. Mashine kubwa ya msaada bila hela ya vipuri na bila fundi inakaa kona imefunikwa kitambaa. Kwa hiyo ukitaka kutoa kifaa, tafadhali uliza kwanza kama kinahitajika, na weka na hela ya matengenezo ya miaka michache. Hilo linatusaidia kuliko kifaa chenyewe.

Na msidhani mchango mdogo haufanyi kitu. Hapahapa SUA tangu mwaka 2000 kuna shirika la APOPO linalofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwenye makohozi. Panya mmoja aitwae Magawa alifundishwa Tanzania akaenda kufanya kazi Kambodia, akagundua mabomu zaidi ya mia moja, na 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Sasa sikilizeni, kazi ile inabebwa pia na watu wa kawaida huko Ulaya na Marekani wanaojiandikisha kumlea panya mmoja kwa hela kidogo kila mwezi, watu ambao wengi wao Morogoro hawajafika kabisa. Kama wao wanaweza kumlea panya wetu, sisi tunaokula maharage na wali kila siku tunaweza kulea kitalu cha mbegu.

Zawadi pia zinaishi muda mrefu kuliko watoaji. Kampasi yetu ya Solomon Mahlangu pale Mazimbu ilikuwa shamba la mkonge, Tanzania ikawapa ANC wa Afrika Kusini mwishoni mwa miaka ya 70, wakajenga shule kwa michango ya vikundi vya mshikamano kutoka nchi nyingi, na 1992 walipokuwa wanarudi kwao wakaikabidhi kwa serikali yetu. Leo vijana wa Kitanzania wanasoma mule.

Kuna njia nyingine ambayo huku kwetu bado haijazoeleka vyuoni, mfuko wa wakfu. Watu wa pwani hawahitaji maelezo marefu, mtu anaweka minazi wakfu kwa msikiti, minazi haiuzwi wala haikatwi, zinazotumika ni nazi. Mfuko wa chuo ni vilevile, hela ya msingi inawekezwa haiguswi, faida yake ndio inalipa fildi, yaani mafunzo ya vitendo, ya mwanafunzi asiye na uwezo au inanunua kemikali za mwaka. Darasa lililomaliza pamoja, tuseme wale wa miaka ya 90 ambao sasa wengine ni mabwana shamba wakuu, wengine wana makampuni ya pembejeo, wanaweza kabisa kuanzisha mmoja kwa jina la darasa lao.

Sasa utaratibu. Usimpe mtu hela mkononi hata kama unamfahamu, hata kama ni mwalimu wako wa zamani. Andika barua chuoni ueleze mchango ni wa kazi gani, lipa kwa kontrol namba ya chuo, ile namba ya malipo ya serikali, dai risiti, na mwisho wa msimu dai taarifa ya nini kimefanyika, ni haki yako na sisi inatuweka macho. Kama ni kampuni, kaa na mhasibu wako muulizie Mfuko wa Elimu ulio chini ya TEA, Mamlaka ya Elimu Tanzania, ulianzishwa kwa sheria namba 8 ya mwaka 2001, maana kuna nafuu ya kodi kwa wanaochangia elimu kupitia huko.

Na kama hela hakuna kabisa, bado una cha kutoa. Una shamba, tupe robo eka ya majaribio kwa msimu mmoja, tutapanda na wewe utaona mwenyewe ipi inazaa kwenye udongo wako. Una kiwanda cha kusindika au duka la pembejeo, pokea mwanafunzi mmoja wa fildi, mpe kazi ya kweli asikae tu anapanga mafaili, na akiondoka tuandikie alikuwa dhaifu wapi ili darasa linalofuata tulifundishe vizuri zaidi.