Kuchonga tairi hakuongezi gripu, na tairi haitadumu zaidi

Mvua ikianza kunusa tu, Machi hivi ama Oktoba, lazima mteja alete gari aniambie, "Fundi, nikatie ile mistari midogo midogo kwa tairi, nasikia inashika barabara vizuri na tairi inakaa." Ukimuuliza ametoa wapi hiyo maneno, ni video ya majuu, mashine inapitisha kisu juu ya tairi mpya. Mimi sikati, na wale wanaokata wanawaharibia mali.

Hiyo mistari ina kazi yake, sikatai. Mmarekani anaitwa John Sipe alipata hati miliki ya hiyo kitu 1923, na mahali inasaidia kweli ni kwa barafu na theluji, kwa sababu kila mpasuo unaongeza kingo na kila kingo inauma barafu kidogo. Ndio maana tairi za wintaa za Ulaya zimejaa hiyo mipasuo, tena raba yake ni ya aina nyingine, haikakamai hata baridi ikishuka chini ya digrii 7. Sasa wewe unatoka Utawala kila asubuhi unaenda Westlands, theluji hujawahi kukanyaga kwa hiyo gari na hutakanyaga.

"Lakini fundi, si inatoa maji?" Hapana, na hapa ndio wengi wanachanganya. Maji ya mvua yanatolewa na ile mitaro mikubwa ya tairi, ambayo tairi mpya ya gari ndogo inakuwa na kina cha kama milimita 8. Mpasuo wa kisu hauna upana, uzito wa gari ukikalia hapo unajifunga, kwa hivyo maji yaliyotuama Mombasa Road hauwezi kuyabeba, ni kama kutegemea ufa wa simiti ufanye kazi ya mtaro. Mipasuo ya kiwandani inafuta ule utando mwembamba wa maji unaobaki chini ya raba, na hiyo kiwanda kishaweka kiasi kinachotosha. Tena kiwandani haikatwi na kisu bana, ndani ya ile moldi, kile kifinyango cha kutengenezea tairi, kuna vibati vyembamba vya chuma, vingine vimekunjwa kama mawimbi ili ukifunga breki kuta za mpasuo zishikane zisilale. Kisu cha fundi kinapita moja kwa moja, na pale chini kinaacha kona kali, hapo ndio raba inaanza kupasuka.

Halafu hii ya "tairi itadumu" ndio inanimaliza kabisa. Wanasema mipasuo inapoza tairi. Joto la tairi linatoka kwa raba kujikunja na kujikunjua ikizunguka, sasa ukikata vitofali vya tredi, ile sehemu ya tairi inayokanyaga barabara, vipande vipande umevifanya viwe legelege, vinacheza zaidi, vinasugua lami zaidi, na joto linaongezeka. Ukitaka kuona, pitisha kiganja polepole juu ya tairi iliyokatwa ikishakimbia miezi kadhaa, upande mmoja wa kila kitofali umeinuka na mwingine umelika, ukirudisha mkono inakukwaruza kama msumeno. Kuna moja nilitoa kwa Probox ya kubeba mboga, mipasuo ilikuwa imenyofoka vipande vya raba, vikokoto vimejipigilia ndani, nilipong'oa kimoja na bisibisi chini kukatokea ile waya ya chuma inayoshikilia tairi ndani, tayari ina kutu. Maji yakishafika kwa waya hiyo tairi inaanza kuachana tabaka, na siku itabasti haitakuuliza uko spidi gani.

Na kusimama je? Jarida la Consumer Reports la huko Marekani lilijaribu tairi zilizokatwa hivyo, zikasaidia kidogo kwa theluji na barafu, lakini kwa lami, iwe kavu iwe imelowa, gari ilienda mbali zaidi kabla ya kusimama. Kwa hivyo unalipa pesa ili breki yako iwe mbaya mahali unaendesha kila siku. Na wale wa Kitengela na Ruai mnaoniambia ni ya matope, ule udongo mweusi unaziba mpaka mitaro mikubwa, mpasuo wa kisu unaziba kabla hujatoka kwa geti. Ya matope ni tairi yenye vitofali vikubwa na nafasi pana katikati.

Kuna hii nyingine ya kuchonga tairi kipara ili irudi kuwa mpya. Hiyo ni hatari tupu. Raba haijaongezeka, umechimba ile kidogo iliyokuwa inafunika waya. Mtu ataniambia "mbona za lori zinachongwa?" Za lori na basi zinazoruhusiwa zimeandikwa ubavuni REGROOVABLE, zimewekewa raba ya ziada chini kwa hiyo kazi, na kiwanda kinasema kina gani usipite. Ya Vitz yako haina hiyo raba. Na mkinunua tairi kuukuu kando ya barabara msidanganywe na ile dawa nyeusi ya kung'arisha, tafuta herufi TWI begani mwa tairi, fuata hapo mpaka ndani ya mtaro, utaona kinundu cha raba, kile kinaonyesha milimita 1.6, tredi ikilika mpaka ilingane nacho tairi imeisha. Kama kimekatwa na kisu ama mtaro umepinda pinda, wacha hiyo tairi hapo hapo.

Zingine haraka haraka. Kupunguza presha wakati wa mvua, wacha kabisa, tairi yenye upepo kidogo inapanda juu ya maji mapema zaidi na inaisha mabega, weka presha iliyoandikwa kwa kibandiko cha mlango wa dereva na uipime tairi ikiwa baridi. Kulipia tairi ijazwe naitrojeni, hewa ya kawaida tayari ni asilimia 78 naitrojeni, hiyo pesa peleka kwa alaimenti. Na kama una pesa ya tairi mbili tu mpya, zinaenda nyuma hata kama gari inavutwa na mbele, kwa sababu mbele ikiteleza bado unaweza kuachilia mafuta ukairudisha, lakini nyuma ikiteleza kwa maji gari inageuka na dereva wengi hawaiwezi.

Wale mnaangalia tredi peke yake, soma pia ile namba ya tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT ubavuni. 2319 ni kusema tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, na mitumba nyingi zinaingia zikiwa na tredi nzuri lakini raba imeshakauka, zikunje kidogo na dole gumba uone kama kuna nyufa katikati ya mitaro.